Wadau naomba msaada: mto unapitaje katikati ya Himalaya?

MamaVipimo

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni. Naomba anayejua jografia anisaidie maana mi niliishia kidato cha nne na hiyo jografia yenyewe nilipata D ya huruma.

Iko hivi, mdogo wangu yuko kidato cha pili, mwalimu kawapa kazi ya kuchora ramani ya Asia kwenye manila, waweke safu za milima na mito mikubwa, kila mto waonyeshe unaanzia wapi na unamwaga wapi, Jumatatu apeleke. Dogo kaja nayo kibandani kwangu hapa Rangi Tatu, nimemwachia meza ya kukatia vitambaa, tumetandika manila tunanakili toka kwenye atlasi ya kuazima ambayo kurasa za mwisho zote zimeliwa na panya. Himalaya tumeichora vizuri tu na maka peni ya kahawia. Tulipofika kwenye mito ndo vurugu ikaanza.

Kwa akili yangu mlima ni kama paa la nyumba, mvua ikinyesha maji ya upande huu yanashuka huku na ya upande ule yanashuka kule, hakuna tone linalopanda paa likashukia kwa jirani. Sasa hii atlasi inaonyesha mto Indus unaanzia NYUMA ya Himalaya, upande wa Tibet, alafu unatokea Pakistan unaingia baharini. Na mwenzake Brahmaputra nao unaanzia huko huko nyuma, unaenda mashariki weeee mpaka safu inakaribia kuisha, unakata kona unaingia India. Yaani mto umevuka safu yenye mlima mrefu kuliko yote duniani, umevukaje? Dogo anasema labda kuna handaki chini. Mi nikamwambia atlasi imekosewa, akaenda kuangalia kwenye simu ya fundi mwenzangu akakuta hivyo hivyo, akarudi ananiangalia tu.

Alafu swali dogo, hii mito ya Urusi, Ob, Yenisei na Lena, mbona imechorwa inapanda juu kaskazini? Hii nayo imekaaje?

BodaTandika

Handaki tena 😂 dogo ana akili uyo msimchukulie poa

Dada ilo la Urusi jepesi, kaskazini sio juu, ni vile tu ramani tumezoea kuitundika ukutani. Ilaze mezani uone kama kuna maji yanapanda. Mbona Nile inatoka Ziwa Victoria pale Jinja inaenda zake kaskazini mpaka Misri na hakuna anayeshangaa? Siberia milima iko kusini, kuna Altai, kuna Sayan, kuna ya huko karibu na Ziwa Baikal, bahari iko kaskazini, nchi imeinama kuelekea huko, sasa maji yaende wapi.

La Himalaya nami silijui, nimeweka kiti nasubiri wajuzi.

FundiKeko

mi sio mtu wa jografia ila hili niliwahi kuelezwa na mteja wangu mmoja mtu wa miamba, alikuja kuangalia kitanda chake kimefikia wapi akanikuta niko kwenye mashine napasua mninga akasimama anaangalia weee alafu akasema fundi wewe hapo unafanya kazi ya mto Indus. nikasema huyu jua limempiga

akanielezea hivi. msumeno wa mashine umetulia pale pale kwenye meza yake, hauendi mbele wala nyuma, kazi yake kuzunguka tu. kinachosogea ni ubao. sasa mtu akija baadae akakuta ubao una njia imepita katikati anaweza kudhani msumeno ulitembea ukapanda juu ya ubao ukatokea upande wa pili. hapana bana, msumeno ulikuwepo kwanza, ubao ndo umeletwa

mto ndo msumeno. mto ulikua unapita zake hapo kabla Himalaya haijawa Himalaya. ardhi ikaanza kuinuka chini yake pole pole, milimita chache kwa mwaka, na mto nao unakata. ardhi inapanda mto unakata, inapanda unakata, mamilioni ya miaka. kwaiyo mto haujapanda mlima ata siku moja, mlima ndo umeota kulia na kushoto ukauacha mto chini pale pale

na akasema kinachokata sio maji, maji matupu hayana meno, ni mchanga na mawe ambayo maji yanaburuza. kama msasa tu, toa zile chenga ubaki na karatasi uone kama utalainisha kitu

MamaVipimo

FundiKeko ubarikiwe, hapo nimeelewa kuliko miaka minne ya sekondari. Dogo kasoma akasema "kwaiyo mto ni mkubwa wa mlima kwa umri", nikamwambia ndio shika hapo hapo.

Ila sasa maswali yamezaliana. Ardhi inainuka kwanini? Na huo mto kama ulikuwepo kabla ya mlima, ulikua unatoka wapi, maana mto si lazima utoke sehemu ya juu?

MwalimuMstaafu_Kimara

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kukaa na mdogo wako mezani, wazazi wengi siku hizi wanampa mtoto simu basi.

Nimefundisha somo hili miaka mingi nikitumia kitambaa, na wewe unacho hapo hapo. Chukua kitambaa kizito, khaki ya sare au jinzi, kitandaze mezani, upande mmoja mdogo wako akishike kisisogee, wewe sukuma upande mwingine kwa viganja viwili. Kitafanyaje? Kitakunjamana, mikunjo itasimama, mmoja nyuma ya mwingine. Mikunjo hiyo ndiyo Himalaya, na mkono wako ni India.

India haikuwa pale ilipo leo. Zamani sana ilikuwa huku kwetu kusini, imeshikana na Afrika, Madagaska na Antaktika. Ikakatika, ikaachana na Madagaska miaka inayokaribia milioni 90 iliyopita, ikasafiri kaskazini, na miaka kama milioni 50 iliyopita ikaigonga Asia. Bahari iliyokuwa katikati ikafinywa ikapotea, sakafu yake ikakunjwa ikapandishwa. Ndiyo maana kileleni Everest, mita 8,848.86 kwa kipimo walichotangaza Nepal na China mwaka 2020, mwamba ni chokaa iliyolala chini ya bahari, na ndani yake kuna mabaki ya viumbe wa baharini waliogeuka mawe. Mwambie mdogo wako hilo, halafu uone kama atalala.

Na India haijaacha kusukuma. Inaingia kaskazini sentimita kama 5 kila mwaka, ndiyo maana nchi zile zinatetemeka. Nepal tarehe 25 Aprili 2015 ilipigwa na tetemeko la 7.8, watu karibu 9,000 wakafa.

Swali lako la pili ni zuri kuliko la kwanza. Kabla Himalaya haijasimama, upande wa Tibet kulikuwa tayari na milima mingine ya zamani, mito ikishuka kutoka huko kwenda kusini. Himalaya ikainuka mbele yao, kama mtu anajenga ukuta mbele ya mfereji wako. Mto wenye nguvu unaukata ukuta, mto mnyonge unageuzwa njia ukafuate ukuta mpaka upate upenyo. Indus umefanya vyote viwili, umeambaa nyuma ya safu kilomita mamia halafu ukakata ukatoka, karibu na mlima Nanga Parbat. Kilele cha Nanga Parbat kiko mita 8,126, na mto unapita chini yake karibu mita 7,000 kwenda chini. Ukiuchukua Kilimanjaro wetu, mita 5,895, ukausimamisha ndani ya shimo hilo, unazama wote.

Sasa nimsahihishe kidogo fundi wangu wa Keko, msumeno wake ni sahihi kwa Indus, lakini kwa Brahmaputra wataalamu wanabishana mpaka leo. Kuna wanaosema nao ni mto wa zamani uliokata. Kuna wanaosema hapana, huo uliporwa: upande wa India kulikuwa na mto mwingine unaokula mlima kurudi nyuma, kila mwaka chanzo chake kinasogea juu, mpaka siku ukatoboa ukaukuta mto wa Tibet unaojipitia zake, ukayavuta maji yake yote chini. Wizi wa mto hutokea kweli, mtoto wa jografia lazima aujue.

Na huo Brahmaputra una kisa ambacho darasani nilikuwa nakitoa Ijumaa mchana, saa ambayo wanafunzi wamechoka. Karne ya 19 Waingereza walitawala India lakini Tibet hawakuruhusiwa kuingia. Walijua kuna mto mkubwa Tibet unaitwa Tsangpo unaokwenda mashariki, walijua kuna Brahmaputra unaotokea Assam, kaskazini mashariki mwa India, lakini katikati kuna korongo hakuna aliyelipita. Je, ni mto mmoja? Mwaka 1880 wakamtuma mtu wa Sikkim anaitwa Kinthup, hajui kusoma wala kuandika, pamoja na lama (mtawa wa Kibudha) mmoja Mchina. Mpango ulikuwa wafike ndani kabisa, wakate magogo 500, wayatie alama, wayatupe mtoni 50 kila siku, na huku Assam kuwe na watu kando ya mto wanahesabu.

Yule lama alikula hela, mwisho akamuuza Kinthup utumwani akaondoka. Kinthup akakaa utumwani miezi, akatoroka, akafukuzwa, akakimbilia kwenye nyumba ya watawa, mkuu wa pale akamnunua kwa waliokuwa wanamtafuta, akamtumikia. Na mtu huyu hakusahau kazi. Akaomba ruhusa ya kwenda kuhiji, akaenda kukata magogo yake 500 akayaficha. Akaomba ruhusa nyingine akaenda Lhasa kutafuta mtu wa kumwandikia barua kwamba magogo nitayatupa siku fulani. Akarudi kutumika tena. Siku zilipofika akayatupa, 50, 50, 50, siku kumi.

Barua haikumkuta mhusika, ofisa aliyemtuma alishaondoka India. Magogo 500 yakapita Assam yakaenda zake Ghuba ya Bengal hakuna aliyeangalia. Kinthup akarudi nyumbani mwaka 1884 na wengi hawakumwamini. Mpaka mwaka 1913 ndipo maofisa wawili, Bailey na Morshead, walipoingia korongoni na kuthibitisha kwamba Tsangpo na Brahmaputra ni mto mmoja, na kwamba mengi aliyoyasimulia yule mtu kwa kichwa tu yalikuwa kweli. Wakamtafuta. Wakamkuta Darjeeling, mzee, anashona nguo. Fundi cherehani, mwanangu, kama wewe.

BodaTandika

Dah. Magogo 500 mzee mzima na hakuna anayeangalia. Nimesimamisha pikipiki pembeni ya barabara nasoma hii kitu

FundiKeko

apo kwenye wizi wa mto nimekubali mwalimu sikujua. ila magogo 500 kwa shoka peke yake jamani, mi na mashine na vijana watatu ningeomba nusu ya hela kwanza

NahodhaMstaafu

Asalaam alaykum. Mmesema ya mlima, mmesema ya mto, mbona hamjasema maji yenyewe yatoka wapi?

Mimi ni mtu wa bahari, nimeishi Kigamboni umri wangu wote, baba yangu alisafiri na majahazi. Nyinyi vijana huu upepo wa kusi, huu unaoanza mwezi wa nne wa tano unatutia baridi ya asubuhi na bahari inachafuka mpaka wavuvi wanalalamika hamna samaki, mwadhani unakwenda wapi ukishatupita hapa? Hauishii Tanga. Unaambaa pwani yetu, unavuka ikweta, ukishavuka unapinda mkono wa kulia, unapita Somalia kwa kasi kubwa, unaikata Bahari ya Arabu na kubeba mvuke njia nzima, unaingia India mwezi wa sita. Ndio mvua yao ile. Wazungu waiita monsoon, na neno lenyewe ni msimu, hili hili letu, Waarabu wasema mausim, Wareno wakalichukua huku huku Bahari ya Hindi wakaenda kuliharibu.

Sasa upepo ule na mvuke wake ukiigonga ile milima hauna pa kupita, unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unamwaga. Kuna kijiji huko Meghalaya, kaskazini mashariki ya India, chaitwa Mawsynram, hupata mvua karibu milimita 12,000 kwa mwaka. Hapa Dar tukipata 1,100 Jangwani hapapitiki. Basi zidisha mara kumi. Na nyuma ya mlima, Tibet, kukavu, maana upepo umefika hauna kitu.

Kwa hivyo bibie, Brahmaputra hutokea nyuma ya mlima ukiwa na maji kiasi, unakuwa jitu ukishavuka kuja upande wa mvua. Na Ganges wenyewe hauna habari ya kuvuka, huo waanzia upande huu huu wa India, kwenye barafu ya Gangotri, mahali pa kutokea maji panaitwa Gaumukh. Yote miwili yaenda kukutana Bangladesh yamwage pamoja, na hapo kwenye delta pana msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote duniani, Sundarbans. Mwenye kuijua delta ya Rufiji ajue huo ni Rufiji mara nyingi, ila na chui milia ndani yake.

Kusi ikiisha huja maleleji, upepo umetulia haujui uende wapi, kisha kaskazi, huo wote watoka huko kuja kwetu. Wazee wetu walikwenda na kurudi kwa huo. Mwachore mito ya India na mmesahau upepo wa Kigamboni!

MamaVipimo

Wa alaykum salaam baba yangu, shikamoo. Yani nimetoka nje ya kibanda kuangalia upepo unaenda wapi, wateja wananishangaa. Dogo anataka kuchora mshale toka Dar mpaka India, nimemwambia manila imeishia Arabuni huku kwetu hakupo, anataka kuunga karatasi kwa gundi.

KontenaKariakoo

Wakuu mmekaa sana India, Asia sio India tu. Mi huwa naenda Guangzhou kufata mzigo mara mbili tatu kwa mwaka, na kule mto unapita katikati ya jiji, usiku meli zina taa utadhani harusi. Mwaka wa kwanza nikajipigisha picha nikarusha kwenye grupu la familia nikaandika "niko mto Yangtze". Mchina mwenye hoteli alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ule ni Zhujiang, mto Lulu, mwingine kabisa, tawi lake kubwa linaanzia Yunnan, mkoa wa kusini magharibi mwa China. Yangtze uko mbali huko katikati unamwaga Shanghai. Kwaiyo dogo asije akafanya kosa langu.

Yangtze ndo mrefu kuliko yote Asia, kilomita 6,300, duniani wa tatu nyuma ya Nile na Amazon. Kuna lile bwawa la Three Gorges, megawati 22,500. Letu la Nyerere kule Rufiji ni 2,115 na tunaliona kubwa (na ni kubwa kweli msinielewe vibaya). Na sasa hivi ule Tsangpo wa mwalimu, pale kwenye kona yenyewe, China wamezindua ujenzi Julai 2025, wanasema umeme wake utakua kama mara tatu ya Three Gorges. India na Bangladesh roho juu, maana ndo wako chini ya bomba.

Huang He, mto Njano, huo una njano kweli sio jina tu, unapita kwenye nchi ya vumbi laini unabeba udongo mpaka unakua uji. Udongo unatulia chini, kitako cha mto kinapanda, watu wanajenga tuta, kinapanda tena wanaongeza tuta, mwisho mto unapita juu kuliko mashamba ya pembeni. Tuta likikatika ndo basi tena. Mwaka 1938 jeshi la China lenyewe lilibomoa tuta makusudi kuwazuia Wajapani, wakafa raia wao wenyewe maelfu kwa maelfu. Vita bana.

MwalimuMstaafu_Kimara

Vizuri KontenaKariakoo, na ongezea hili: Yangtze, Huang He na Mekong yote inaanzia mkoa mmoja wa Qinghai, juu kwenye uwanda ule ule wa Tibet. Ule uwanda una wastani wa zaidi ya mita 4,500 kwenda juu, na mito yake inanywesha Pakistan, India, Bangladesh, Myanmar, Thailand, Laos, Kambodia, Vietnam na China yenyewe. Ni sawa na Uluguru kwetu, mvua ikikatika milima ya Morogoro, Ruvu ukashuka, mtu wa Mbagala anaanza kupanga ndoo. Sasa fikiria Uluguru moja ya nchi tisa.

Na kuna sehemu moja nzuri ya kuonyesha kwenye ramani, Yunnan. Pale Salween, Mekong na Yangtze inapita sambamba kwenda kusini, imebanwa na kuta za milima katikati, iko karibu karibu kama uzi tatu kwenye tundu moja la sindano. Halafu inaachana jumla, Salween unaenda Myanmar, Mekong unaenda Vietnam, Yangtze unageuka ghafla kwenda mashariki. Mdogo wako aichore mistari mitatu imekaribiana hapo, mwalimu wake akiwa mtu wa jografia kweli atajua huyu mtoto ameangalia.

Safu zingine asizisahau. Karakoram iko kaskazini magharibi ya Himalaya, hapo ndipo K2, mita 8,611. Watu huichanganya na Himalaya, ni safu yake peke yake. Vilele vyote 14 duniani vinavyozidi mita 8,000 viko kwenye safu hizo mbili tu. Kunlun inapita kaskazini mwa Tibet. Hindu Kush ni ya Afghanistan na Pakistan, Pamir ni Tajikistan, Tian Shan inafuata juu yake. Kutoka Pamir na Tian Shan inashuka mito miwili, Amu Darya na Syr Darya, iliyokuwa inajaza Bahari ya Aral. Wasovieti miaka ya 1960 wakayageuza maji kwenda mashamba ya pamba, bahari ikakauka, meli zikabaki zimekaa mchangani na ng'ombe wanapita chini yake. Atlasi yenu ni ya mwaka gani? Kama ya zamani Aral itaonekana kubwa, msiinakili hivyo.

MamaVipimo

Mwaka hauonekani mwalimu, panya. Ila Aral yake ni kubwa kama Ziwa Victoria, ngoja tuifute.

MwanaKigoma_Ubungo

nimechelewa ila naona mmetaja Baikal mkapita tu, haiwezekani. Sisi wa Kigoma tunajisifia Tanganyika, mita 1,470 kwenda chini, la pili kwa kina duniani. La kwanza ni nani? Ni hilo hilo Baikal, mita 1,642. Na yote mawili yamezaliwa namna moja, ardhi imepasuka imeachana, maji yakaingia kwenye ufa. Alafu kitu cha ajabu, Baikal inaingiwa na mito zaidi ya 300 ila wa kutoka ni mmoja tu, Angara, unaenda kuingia Yenisei. Tanganyika nayo wa kutoka ni mmoja tu, Lukuga, unaenda Kongo. Ni ndugu hawa ila mmoja anaganda juu wakati wa baridi mpaka magari yanapita, mwingine tunaoga mwaka mzima

Na ile mito ya kaskazini dada, Ob Yenisei na Lena, ina kituko chake. Juu yake iko kusini, kwenye joto kidogo, mdomo wake uko kaskazini kwenye barafu. Sasa masika yao ikifika, barafu ya huku juu inayeyuka mapema, maji yanashuka na mapande ya barafu, yanafika chini yanakuta mto bado umeganda. Yanakwama. Barafu inarundikana kama daladala Ubungo ya zamani kabla ya daraja, maji yanapanda pembeni yanaingia mijini. Lensk, mji ulio kando ya Lena, ulizama hivyo mwaka 2001

Ural msihangaike nayo sana ni mpaka tu wa Ulaya na Asia, ndefu ila fupi kwenda juu, kilele chake hakifiki mita 1,900, Uluguru inaishinda

BodaTandika

Uluguru inaishinda Ural 😂😂 Waluguru wasisome hii tutakosa amani Morogoro

Ila jamani mbona hamjataja Frati na Hidekeli? Za kwenye Mwanzo, bustani ya Edeni

MwalimuMstaafu_Kimara

Umenishika. Ipo Asia, na kwenye atlasi imeandikwa Euphrates na Tigris. Yote inaanzia milimani Uturuki, Frati unapita Syria, inakutana kusini mwa Iraq na kuingia Ghuba ya Uajemi kwa jina moja la Shatt al-Arab. Safu ya kuchora pale ni Taurus, na upande wa Iran Zagros. Mtoto asipoiweka hiyo mwalimu atakata maksi.

MamaVipimo

Jamani ripoti ya Jumapili usiku. Tumemaliza saa nne hii, jirani kashagonga ukuta mara mbili.

Lile jaribio la kitambaa tumelifanya, khaki ilikataa ikateleza yote, tukatumia kitenge cha mteja (asije akasoma humu), mikunjo ikasimama kweli, minne mirefu, dogo akapitisha kidole katikati akasema huu Indus. Karatasi kaunga kwa gundi ya viatu, kusi yake inatokea Kigamboni inapinda vizuri kwenda India, ila imevimba kidogo kwenye maungio. Aral tumeifuta tukaacha vidimbwi. Frati na Hidekeli zimo. Yunnan tumebana mistari mitatu mpaka maka peni ikachafua, nikaichorea upya na sindano ya kufuatishia.

Pembeni ya ile kona ya Brahmaputra kaweka vidoti vidogo vidogo vya kahawia. Nikamuuliza nini hivi, akasema magogo. Nikamuuliza umeweka yote 500, akasema hamsini tu, ya siku ya kwanza.

Kalamu ya bluu imetuishia kwenye Lena, karibu na Yakutsk. Sehemu iliyobaki mpaka baharini tumemalizia na chaki ya fundi, nikamwambia mwalimu akiuliza aseme hapo pameganda.